Kanisani hakuna anayeinua kibao chekundu

Mwaka 2024 kalenda iliwatega Wakristo wa Kenya wapendao magari. Safari Rally ilianza Alhamisi ya Machi 28 na kukamilika Jumapili ya Machi 31. Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Jumamosi Takatifu na Pasaka yenyewe, zote ziligeuka siku za mbio. Baadhi ya wazee wa kanisa letu walinung'unika. Vijana hawakunung'unika wala hawakuomba ruhusa ya mtu; walijaza mafuta wakaenda. Mimi nilihudhuria ibada ya alfajiri hapa Nakuru, nikashiriki Meza ya Bwana, kisha nikaingia garini na kitinda mimba wangu pamoja na mjukuu mmoja, tukashika njia ya Gilgil kwenda Naivasha. Kama kuna askofu aliyekasirika, bado hajaniita.

Jambo lenyewe si geni. Mashindano haya yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, magari yakikata Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, kwa miaka mingi, yalikuwa yakifanywa wakati wa Pasaka, majira ambapo mvua za masika zinaanza kushuka na barabara za udongo zinakuwa mtihani. Sisi tuliokulia kando ya barabara tulivalishwa nguo za kanisani asubuhi, tukazirudisha nyumbani zimejaa matope ya Datsun na Peugeot. Mama yangu, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa na adhabu yake maalumu kwa kosa hilo, na haikuwa ya maneno.

Nauza vipuri. Dukani mwangu utapata shokabu, springi, bushi, mafuta ya breki na mabishano ya bei. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa magari, na mengi ninayoyajua niliyajua kwa kumshikia tochi usiku. Kwa hiyo watu wanaposhangilia kasi, mimi natazama gurudumu la nyuma linavyotua baada ya gari kuruka. Ndivyo nilivyosimama katika mbuga ya Hell's Gate siku ya Pasaka, vumbi likinijaa hadi kwenye meno, helikopta ikivuma juu, kijana mmoja nisiyemjua akinivuta mkono: "Shosh, songa nyuma, utapigwa na mawe." Waandalizi walikuwa wameamua kwamba mkondo wa mwisho wa mbio uwe huo, na sikumwona mtu aliyeona ajabu kuadhimisha ufufuo kwenye lango la Jehanamu.

Hapo ndipo nilipoanza kuyapima mahubiri ninayoyasikia mwaka nenda mwaka rudi kuhusu imani kama mbio, nikaona kwamba wengi wanaotuhubiria hawajawahi kutazama mbio kwa makini.

Mahubiri hayo mnayajua. Mtumishi anafungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, pale Paulo anapotaja wakimbiaji wengi na mshindi mmoja. Kisha sauti inapanda. Mwaka huu ni wako! Waliokucheka watakuona mgongo! Mgeukie jirani yako umwambie, "Nakupita!" Nasi, watu wazima wenye mvi, tunageukiana kwenye mabenchi na kuambiana, "Nakupita!" Tuzo nayo haicheleweshwi mpaka mbinguni. Inatajwa pale pale: kiwanja, viza, gari lisilo la mkopo.

Paulo alikuwa akiwaandikia watu wa Korintho, mji uliokuwa jirani na Isthmia, palipofanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na kwamba kazi ya mikono yake ilikuwa kushona mahema. Fundi wa mahema katika mji kama huo hangeweza kukosa habari za wakimbiaji, kama mimi nisivyoweza kukosa habari za shokabu wiki ya rali. Alijua kwamba taji lao lilikuwa la majani, na majani hunyauka. Tena aya tatu tu baada ya ile inayopendwa na wahubiri, Paulo anakiri hofu yake kwamba yeye mwenyewe, akiisha kuwahubiria wengine, asije akaonekana hafai mashindanoni. Sijawahi kumsikia mhubiri wa "Nakupita" akifika kwenye aya hiyo. Na alipomwandikia Timotheo barua ya pili, akijua kifo kimekaribia, hakujisifu kwamba amempita mtu. Alichosema ni kwamba amemaliza, na kwamba taji linalomngoja si lake peke yake.

Sasa njooni Naivasha. Swali la kwanza la mjukuu wangu lilikuwa, "Shosho, mbona wanakuja mmoja mmoja? Nani anamfukuza nani?" Hakuna anayemfukuza mwenzake. Katika rali kila gari huachiwa peke yake, dakika kadhaa baada ya lililotangulia, na mpinzani wake ni saa. Dereva akimwona mpinzani wake mbele, ujue mmoja wao ameharibikiwa. Anachokiona ni vumbi tu. Huko Kedong kuna udongo laini ambao madereva huuita fesh-fesh, na hewa ikitulia vumbi lake huning'inia barabarani muda mrefu baada ya gari kupita. Anayefuata huingia humo asione hata boneti yake. Nawajua waumini kadhaa walioacha njia yao kwa sababu ya kukodolea macho vumbi la wenzao, na mmoja wao alihama makanisa manne akitafuta lile ambalo watu wake wananunua magari haraka.

Saa yenyewe ina ukali ambao sikuwa nikiujua. Kati ya mkondo na mkondo kuna vituo vya kuripoti, na kila gari limepangiwa dakika yake ya kuingia. Ukichelewa dakika moja unaongezewa sekunde kumi. Ukiwahi dakika moja unaongezewa dakika nzima. Kijana wangu, ambaye anaijua rali kuliko anavyoijua Injili ya Marko, ndiye aliyenieleza, nami nikamwomba arudie. Yaani kuwahi ni kosa zito mara sita kuliko kuchelewa! Nikawakumbuka mabinti wa kanisani tuliowaombea waolewe kabla hawajafika miaka 25, tukapiga vigelegele walipowahi, baadhi yao wakiolewa na wanaume ambao hata sisi tuliochanga pesa za sufuria tulikuwa na mashaka nao. Leo tunawasuluhisha. Hakuna aliyetuongezea dakika hata moja kwa haraka yetu. Adhabu wanaibeba wao.

Historia ya Safari ina mwaka ambao kila mpenzi wa magari mwenye umri wangu anautaja kwa heshima, na kwa kweli ni miaka miwili. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968, mvua ikiwa imegeuza njia kuwa mito, yaliondoka 93, yakamaliza saba tena. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Lakini jina la sifa lililobaki vinywani mwa watu si la mshindi pekee. Ni la wote saba, Saba Wasiozama, wa kwanza na wa mwisho wakihesabiwa pamoja. Waliokuwa wakiongoza asubuhi kisha wakabaki matopeni jioni hawamo.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo wa 1968, Mtanzania John Stephen Akhwari aliingia uwanjani Mexico City akichechemea, goti limefungwa bandeji, muda mrefu baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni. Kila mhubiri wa Afrika Mashariki ana mahubiri ya Akhwari, na sina ugomvi nayo. Ila mimi ningechagua Patrick Njiru.

Mwaka 1993 Subaru ilileta Safari gari dogo liitwalo Vivio. Nani asiyejua Vivio? Injini yake haifiki lita moja, na mtu mnene akikaa mbele, wa nyuma anakunja magoti mpaka kidevuni. Mmoja wa madereva waliopewa kigari hicho alikuwa Colin McRae wa Scotland, kijana wakati huo, mwenye mguu mzito wa kukanyaga mafuta. Aliikimbiza Vivio kwa kasi iliyowashangaza wenye magari makubwa, ikavunjika, hakufika. Njiru, Mkenya, aliiendesha yake akijua ni kitu gani amekalia, akamaliza wa 12 kati ya magari yote na wa kwanza katika daraja lake. Simcheki McRae. Alirudi akajifunza Afrika, akashinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002, na Phineas Kimathi, ambaye baadaye aliongoza Safari Rally, alimpa mwanawe jina McRae, na mwana huyo leo ni dereva wa rali. Lakini ile ya 1993 ni ya Njiru, na sijawahi kuisikia ikihubiriwa.

Safari ilipoondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, tulikaa miaka tukisimulia tu. Iliporejea mwaka 2021, Thierry Neuville wa Ubelgiji aliingia Jumapili, siku ya mwisho, akiwa mbele kwa karibu dakika moja. Katika mbio ambazo watu hushindana kwa sekunde, dakika ni mali. Kwenye mkondo wa kwanza wa asubuhi, Loldia, shokabu ya nyuma ikavunjika. Akatoka, na Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda. Siku ile wateja wangu hawakuzungumza jambo jingine. Mwanamume mmoja aliuliza kwa nini kifaa kilichohimili Ijumaa na Jumamosi kife Jumapili.

Naweza kumjibu kwa magari ya kawaida, yanayoingia kwangu kila siku. Shokabu haifi siku ile inapokufa. Huanza kwa kutoa unyevu kidogo wa mafuta shingoni, vumbi linaganda pale, unaona doa jeusi. Mwenye gari halioni doa, kwa sababu gari bado linakwenda. Baadaye tairi linaanza kulika upande mmoja. Analaumu tairi, analibadilisha, mimi nauza tairi, nafurahi. Siku anayokuja akiburuta gurudumu husema, "Mama, limevunjika ghafla tu." Hakuna ghafla. Nimezika, katika miaka hii ya kukaa kwenye Umoja wa Akina Mama, imani za watu kadhaa waliokuwa mstari wa mbele katika kila mkesha, na kila mara tulisema ameanguka ghafla. Doa lilikuwapo. Mtu aliacha kusali peke yake huku akiongoza sala za wengine. Alianza kuja mapema kupanga viti na kuondoka kabla ya kuulizwa habari za nyumbani. Tulimwona mwenye bidii.

Mwaka 2024, ule wa rali ya Pasaka, palikuwa na kanuni mpya ya alama ambayo ilinifurahisha kuliko mahubiri ya alfajiri, na padre anisamehe. Dereva aliyekuwa mbele Jumamosi jioni aliwekewa alama nyingi, lakini hakupewa. Ziliandikwa tu. Ili ziwe zake ilibidi gari lifike mwisho Jumapili. Ukizimika Jumapili asubuhi, ubora wako wa Jumamosi haukuhesabiwa. Kalle Rovanperä wa Finland alifika, akashinda, Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili na Adrien Fourmaux wa Ufaransa wa tatu. Walipanda juu ya magari yao wakiwa wamepauka kwa vumbi, nasi tukapiga kelele kama tuliochangia mafuta.

Umati wenyewe haukuwa wa malaika. Chupa za bia zilikuwa nyingi kuliko maji, na taka zilizoachwa ndani ya mbuga ni aibu kwa taifa. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anatuambia tumezungukwa na mashahidi wengi kama wingu tunapokimbia. Natumaini mashahidi wake wana adabu kuliko sisi. Anasema pia tuweke kando kila mzigo. Hapo nina neno dogo la kitaalamu. Magari ya Safari huongezewa mizigo kwa makusudi: bomba refu la kuvutia hewa juu ili injini isinywe maji ya mtoni, na mara nyingi matairi mawili ya akiba badala ya moja. Tairi la pili ni uzito unaokula sekunde kila kona, lakini kwa mawe ya Naivasha anayeliacha nyuma huenda akakaa kando ya njia akipigwa jua. Si kila mzigo ni dhambi. Mama mzee anayelelewa na binti yake, mtoto mgonjwa, mdogo wako asiyepata kazi: nimesikia watu wakishauriwa kanisani kwamba hao ndio "wanaowarudisha nyuma". Mshauri wa namna hiyo asipewe kipaza sauti.

Sasa nifike kwenye mambo mawili yaliyonifanya niandike.

La kwanza ni la aliyeng'oka. Katika rali za ubingwa wa dunia, dereva aliyeharibikiwa Ijumaa anaweza kurudi Jumamosi. Gari huvutwa hadi Naivasha, mafundi hulishughulikia usiku, linakaguliwa, na asubuhi linapanga foleni na mengine. Dereva hasamehewi kana kwamba hakikutokea kitu: anaongezewa dakika kumi kwa kila mkondo alioukosa. Ushindi wa jumla umemtoka. Lakini yumo. Ana namba yake ubavuni, ana mwelekezi wake kando akimsomea njia, na kwa kanuni za mwaka ule alama zilizotengwa kwa ajili ya Jumapili zilikuwa wazi kwake kama kwa yeyote. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba adhabu yake inajulikana, imeandikwa kwa dakika, na ikishahesabiwa imekwisha.

Katika kanisa moja ninalolifahamu vizuri kuliko ninavyopenda kusema, palikuwa na mwalimu wa kwaya. Alipata mtoto nje ya ndoa. Akaungama mbele ya ushirika, akatengwa na Meza ya Bwana kwa muda, akaondolewa kwenye kwaya. Sipingi; kosa lilikuwa kosa, na mke wake ni rafiki yangu. Muda ukaisha, akarudishwa kwa kupeanwa mkono na wimbo. Tangu hapo alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kila mara jina lake lilipotajwa kwenye kikao kwa habari ya kwaya, mtu alisema, "Muda bado." Hakuna aliyeuliza muda gani, wala nani anaushika. Kwaya ikaanza kuimba sauti ya tatu kama watu wanaotafutana gizani, tukavumilia. Mwaka jana aliacha kuja. Anapiga kinanda kwenye harusi za watu wa makanisa mengine, na nasikia wanamlipa vizuri.

Najua jibu litakalokuja: kanisa halina budi kulinda ushuhuda wake. Sawa. Rali nayo inalinda heshima yake, ndiyo maana ina adhabu. Lakini adhabu isiyo na saa si nidhamu. Ni kumwambia mtu kwamba amekufa huku tukimwachia kiti.

La pili ni kibao. Mfano wa mbio una mahali ambapo mimi huona unapasuka, na nadhani kila msomaji wa Luka sura ya 10 ameona: anayekimbia hasimami. Msamaria mwema angekuwa wa mwisho katika mbio zozote. Kuhani na Mlawi, wale waliopita upande wa pili wa njia, wangepata muda mzuri sana. Kwa hiyo nilidhani hapa rali haina la kutufundisha, mpaka kijana wangu aliponionyesha picha ya kibao.

Kila gari hubeba kibao kinachokunjwa. Upande mmoja ni wa kijani, umeandikwa OK. Upande wa pili ni mwekundu, umeandikwa SOS. Gari likipinduka na waliomo wakawa salama, wanainua kijani, na wanaofuata wanapita. Wakiwa wameumia, wanainua nyekundu. Na hapo kanuni ni kali: gari la kwanza litakalokiona kibao chekundu lazima lisimame papo hapo, bila kujali kama dereva wake ndiye anayeongoza ubingwa. Hata kama hakuna kibao, ukiona gari limeumia vibaya na watu wawili bado wamo ndani, unasimama. Gari la pili kufika linaendelea hadi kituo cha redio kilicho mbele kupeleka habari, na mengine yote yanayofuata yanasimama. Anayepita anaitwa mbele ya waamuzi. Aliyesimama, muda alioupoteza unafidiwa: waamuzi humpangia muda wa haki kwa mkondo ule.

Watu wa petroli na pesa, ambao hawakukaa chini kuandika theolojia, wamekaa chini wakaandika Msamaria mwema kuwa sheria, wakaongeza na fidia ya muda.

Sisi tuna nini? Tuna, "Bwana asifiwe! Habari ya nyumbani?" Na jibu: "Njema, Mungu ni mwema." Kijani. Kila Jumapili kijani. Katika ushirika wetu wa akina mama kulikuwa na mwenzetu ambaye mumewe alifutwa kazi wakanyamaza. Tulipokwenda kwake kwa ibada ya nyumbani tulikuta viti vimepungua, mwezi mwingine vimepungua tena, mpaka tukawa tunakaa mkekani, na mmoja wetu akamsifu kwa kupenda mambo ya asili. Alikuwa akiuza kiti kimoja kimoja alipe karo. Sote tuliimba pale, tukanywa chai yake, tukaondoka tukiwa tumebarikiwa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto: "Ningesema, mngeniuliza kama natoa zaka."

Ndiyo sababu hakuna anayeinua nyekundu. Kanisani ukiinua nyekundu, anayefika kwanza huja na maswali ya dhambi yako, na wa pili haendi kwenye redio kwa siri, anakwenda sokoni. Tena mahubiri ya "Nakupita" yameshamwambia kila mmoja kwamba aliyekwama ni wa kupitwa. Tutashangaa vipi watu wakipita?

Kwa hiyo nawaomba wazee wa makanisa, wa madhehebu yote, mambo mawili yasiyohitaji mchango wala kamati ya ujenzi. Mtu akitiwa adhabu, andikeni tarehe itakayokwisha, na siku hiyo ikifika mrudishieni kazi yake, si kiti chake tu. Na kabla hamjaandaa mkutano mwingine wa injili wenye vipaza sauti vya kukodi, fungueni daftari la washirika, mtafute majina ambayo hamjayaona tangu mwaka juzi, mpige simu, na simu hiyo isiulize habari za zaka.

Kwetu mazoezi ya kwaya ni Alhamisi saa kumi na moja jioni. Sauti ya tatu bado haina mwalimu, na namba yake ya simu ninayo.